Samadi Nyuma ya Gome

Kila asubuhi Chepkurui, mjukuu wangu, huinyunyizia okidi maji ya mvua kabla ya kwenda shule. Hapa Kuresoi ukungu huingia hadi jikoni, ukakaa kama mgeni. Okidi yetu haina udongo. Imeshikilia gome la mti lililoning'inizwa barazani. Marehemu babu yake aliiokota kwenye tawi lililoangushwa na upepo. Kila Juni huchanua maua meupe, na jioni yananukia. Basi mimi hufumba macho, nikamsikia mzee akivua buti mlangoni.

Mwaka jana Juni ilipita bila ua. Majani yakawa manjano.

"Imepatwa na nini?" nikauliza.

"Labda ni baridi, Gogo," akasema Chepkurui, maana ndivyo aniitavyo mimi nyanya yake, akitazama viatu vyake.

Binamu yake Kipngetich akacheka. "Baridi ya Kuresoi imeanza leo? Ishonee sweta basi!"

Lakini mimi nilimwamini mjukuu wangu. Niliitungua okidi ili nikaiweke karibu na moto wa jikoni. Zikiwa zimebaki hatua mbili nifike motoni, akanishika leso.

"Gogo, usiiweke motoni, itakufa! Si baridi. Ni mimi."

Akageuza gome. Nyuma, chini ya majani makavu, alikuwa amekandika samadi ya ng'ombe.

"Viazi vyetu vikipewa samadi vinanenepa," akasema akilia. "Nilitaka ikuchanulie mapema."

Mizizi ilikuwa imeoza, myeusi, inateleza. Tuliiosha, tukaikata kwa wembe. Ukabaki mzizi mmoja, ncha yake kijani. Tukaufunga kwenye gome jipya pamoja na vipande vya mkaa wa mti wa senetwet, ule tunaosugulia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kisha tukairudishia ukungu wake.

Tulingoja mwaka mzima. Chepkurui alinyunyiza maji bila kuruka siku.

Juzi jioni akaniita, "Gogo, njoo unuse!"

Maua mawili tu. Tukaketi chini yake, ukungu ukipita miguuni.

Hatimaye nikamwambia, "Mama, kukosea si ajabu. Hii si kiazi, nawe hukujua. Lakini kosa likifichwa, hata anayekupenda hutibu ugonjwa ambao haupo. Ulisema kweli nikiwa hatua mbili kutoka motoni."

Akaniegemea. Nikafumba macho, na kule mlangoni nikasikia buti zikivuliwa.