Mkurugenzi wa Siku Moja

Saa 1:30 asubuhi. Kikuyu, Dodoma.

Chumba cha uani kilinuka petroli. Ebenezer, mkuu wa genge, alimkazia macho mpwa wake, Jordan.

"Kazi ya bunduki tumeshamaliza. Leo tunaiba kwa kalamu."

Walikuwa wamepora pesa za chama cha wakulima wa alizeti, mlinzi akafa. Sasa pesa zile zilikuwa benki, zimeoga, zimevaa jina la kampuni ya kukamua mafuta isiyo na hata chupa moja. Kwenye makaratasi, mwenye kampuni ni Jordan. Leo angezitoa zote taslimu.

"Mimi dereva wako, nabeba begi," Ebenezer alisema. "Wewe tajiri. Ringa."

"Nikimaliza?"

"Rudi kijijini Haneti kwa mkeo Anyesi, genge usahau. Ukiharibu, Anyesi ni mjane."

Mwaka mzima Jordan alitafuta njia ya kutoka. Hii hapa, na ilimtisha.

Saa 3:05. Benki.

Hamza, mwenzao wa tatu, alibaki nje kwenye Noah, injini inanguruma. Ndani, afisa aitwaye Asma aliwaita ofisini kwake, mkurugenzi na dereva wake. Kiasi kikubwa namna ile hakitoki bila maswali.

Kiti cha mgeni kilikuwa kimoja.

Jordan alimwona mjomba wake amesimama na begi. Suti ilikuwa ya tajiri, malezi yalikuwa ya Haneti. Akampisha. Na Ebenezer, mjanja wa wajanja, akakaa! Mazoea yana taabu.

Asma aliwatazama wote wawili. Akafungua faili.

"Mkurugenzi, alizeti mnanunua wapi?"

Jordan akamtazama mjomba. Angetanguliaje kusema mbele ya mkubwa?

"Kondoa na Babati," Ebenezer akajibu.

"Na mafuta mnamuuzia nani?"

"Tuna wateja Dar." Ebenezer tena.

Asma akaweka kalamu chini. "Namuuliza mkurugenzi, ananijibu dereva. Kampuni hii ni ya nani hasa?"

Ebenezer akaruka kutoka kitini. Alikuwa amechelewa. Asma alishabonyeza kengele chini ya meza, na askari wawili wa lindo walikuwa mlangoni, bunduki mkononi.

Saa 3:20.

Nje, Noah ilichomoka kwa kasi. Hamza hakumngoja mtu.

Jordan alimgeukia mjomba, kaka wa mama yake, mtu aliyemlea, akingoja neno lake.

"Afande, mimi nimekodiwa leo tu," Ebenezer alisema kwa unyenyekevu. "Kijana huyu simfahamu hata jina. Kampuni yake, mkamateni yeye."

Iliuma. Iliuma kuliko pingu zilizomngoja. Jordan alihisi machozi, akayaacha yatoke mbele ya watu wote.

"Dada, andika," alimwambia Asma. Safari hii hakumtazama mtu. "Kampuni ni ya huyu, mjomba wangu. Na yule mlinzi wa chama cha alizeti, aliyempiga risasi ni mjomba. Nilikuwepo."