Mabega ya Waliombeba Leshan

Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong wakati Lennox Opiyo alipotoka kwenye yadi ya mbao na kuelekea kwa fisio, mtaalamu wa kunyoosha viungo, pale juu ya duka la dawa mjini Kitengela. Hakuwa na maumivu ya kumliza mtu. Shida yake ilikuwa bega. La kushoto lilikuwa limeshuka, na kila asubuhi mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Binti yake alikuwa ameacha kuomba kubebwa. Bosi naye alishamwonya: asiyeweza kubeba mbao begani hana kazi yadini.

Fisio aliitwa Maryanne, mama wa makamo asiye na haraka.

"Vua shati. Simama kwa kioo. Sasa inama, mikono iende chini."

Alipitisha vidole kwenye uti wa mgongo. Ulikuwa umenyooka. Akapima miguu. Ilikuwa sawa.

"Wengi huwa ni mkoba wa upande mmoja, ama kulala vibaya, ama uti umepinda," alisema. "Misuli ya huku inakaza, ya huku inalegea. Tunanyoosha hii, tunapatia hii nguvu, mtu anapona. Lakini wewe sioni hata moja ya hizo. Lala hapo kwa kitanda."

Lennox alilala. Mabega yakawa sawa kabisa.

"Simama."

Alisimama. Bega likashuka, taratibu, kama kuna mtu ameliwekea kitu.

Maryanne alitia kiganja chini ya kwapa lake akajaribu kuliinua. Halikuinuka. Akatia mikono yote miwili. Wapi! Kisha akasogea karibu, akanusa.

"Umepaka vanishi leo?"

"Leo? Hapana. Mimi ni wa kubeba tu."

Aliondoa mikono haraka. Begani palikuwa na alama nyekundu iliyonyooka, kama ukingo wa ubao.

"Juzi nimeona mwingine na alama kama hii," alisema kwa sauti ya chini. "Yake ni bega la kulia. Aliniomba nikipata mwenzake nimwambie. Anaitwa Tajeu. Unamjua?"

Lennox alimjua. Mara ya mwisho kuonana, walikuwa wamembeba Leshan.

Leshan alikuwa dereva wa lori la yadi, rafiki wa wote. Aliugua, akafa, akazikwa mbele ya Isinya, kando ya barabara ya kwenda Kajiado. Waliobeba jeneza, lililokuwa bado linanuka vanishi, walikuwa wanne. Lennox mbele, upande wa kulia, jeneza likiwa kwenye bega lake la kushoto. Sankale, kakake marehemu, mbele, upande wa kushoto, kwa bega la kulia. Nyuma ya Sankale, Tajeu. Nyuma ya Lennox, Muteti, ambaye baada ya mazishi alisafiri kwenda kufanya kazi Qatar.

Lennox alimpigia Muteti simu akiwa bado kwenye ngazi za kliniki.

"Bega lako la kushoto liko aje?"



"Nani amekuambia?" Muteti alinong'ona.

Kesho yake jioni, Lennox na Tajeu walienda kwa Sankale. Sankale alitoka nyumbani akiwa ameinamia kulia. Hakuna aliyecheka. Walisimama uani wakiongea, na bila kupanga wakajikuta wamejipanga: Lennox kulia, Sankale kushoto, Tajeu nyuma ya Sankale. Katikati yao palibaki nafasi ya urefu wa mtu. Mke wa Sankale alikuja na chai, akaona walivyosimama, akaweka sinia chini kwenye nyasi na kurudi ndani.

"Aliniambia akiwa hospitali," Sankale alisema. "Aliniambia, 'Msiniweke kwa barabara. Niwekeni kwa yieyo.'"

Kwa yieyo, kwa mama. Lakini kaburi la mama yao lilikuwa kwenye ardhi ya familia iliyouzwa na kukatwakatwa ploti. Mnunuzi alishaweka ua wa waya, ingawa alikuwa hajajenga. Kwa hivyo wazee waliamua Leshan azikwe kwenye kipande kilichobaki, pale lori zinapopita usiku na mchana.

"Niliwaambia wazee. Wakakataa," Sankale aliendelea. "Tulimshusha, watu wote wakaona. Lakini hajatua. Bado tumembeba."

"Sasa tufanye nini?" Tajeu aliuliza.

"Tumpeleke."

"Tuko watatu. Na upande wa Muteti?"

Sankale alikuwa tayari ameshika njia ya kwenda kaburini.

Walifika kaburini mwangaza ukiwa unafifia. Upepo ulikuwa umetulia. Kila mmoja alichukua nafasi yake, na nafasi ya Muteti ikabaki wazi.

"Leshan," Sankale aliita taratibu. "Twende."

Wakainama. Wakainuka.

Hewa tupu... nzito kama gogo la mninga mbichi!  Lennox alisikia mbao za jeneza zikilia. Harufu ya vanishi na udongo wa mvua ilimjaa puani. Kisha pembe ya nyuma yake ikaanza kuzama. Tajeu aliguna kwa uchungu. Mzigo uliinama, ukainama...

Ukasimama.

Ukanyooka.

Nyuma ya Lennox kuna mtu alikuwa ameushika.

Wakaanza kutembea. Lennox alisikia nyayo nyuma yake, nyepesi, za mtu asiye na viatu. Kila hatua ilikuja na mlio mdogo wa shanga na vibati vinavyogongana, kama vya shingoni mwa mama wa Kimaasai anayetoka kuteka maji. Vanishi haikunuka tena. Sasa ilikuwa harufu ya maziwa ya kibuyu, yale yenye moshi.

"Usigeuke," Sankale alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Tafadhali, ndugu yangu. Usigeuke."

Lennox hakugeuka. Walikata mbuga, wakapita mahali waya wa ua ulipokuwa umelegea, wakafika kwenye rundo la mawe yaliyofunikwa na nyasi, kaburi la yieyo. Hapo Sankale alitoa ishara kwa kichwa. Wakashusha polepole, mpaka mikono yao ikagusa nyasi.

Bega la Lennox likapata baridi ya ghafla, kama mgongo wa mtu aliyetua gunia. Nyuma yake, karibu sana na sikio, mwanamke mzee alishusha pumzi ndefu.

Shanga zikalia mara moja. Kisha hakukuwa na kitu ila mlio wa nyenje.

Walirudi barabarani wima, wote watatu. Tajeu, ambaye alikuwa ametembea sambamba na ile pembe ya Muteti njia nzima, alisema alikuwa amefumba macho. Hawakumuuliza zaidi. Kabla hawajafika lami, simu ya Lennox iliita. Alikuwa Muteti, akicheka kama mtoto.

"Lennox! Bega limerudi! Limerudi, aki ya Mungu!"

Lennox aliweka simu kwenye spika ili wenzake wasikie. "Limerudi aje?"

"Nilikuwa nimelala kidogo kabla ya kuingia kazi. Nikaota shosho mmoja mzee amekuja, shanga mpaka hapa kifuani. Akaniambia nitoke, ashike yeye. Nikampisha. Baadaye akarudi, akasema 'ashe'. Hiyo si ni asante?"

"Ndiyo."

"Halafu akaniuliza naitwa nani."

Sankale alisimama katikati ya njia.

"Ukamwambia?" Lennox aliuliza.

"Si ni mtu mzima? Ningemnyima aje? Akasema kaburi lake liko kwa shamba la watu, kuna siku watalichimba, na yeye hajui nani atambeba."

Sankale aliishika simu kwa mikono miwili. "Muteti. Ulimpatia jina gani? La kanisani ama la nyumbani?"

"Yote mawili."

"Basi ameshapata wa kumbeba," Sankale alisema. Alimrudishia Lennox simu, akageuka kutazama kule walikotoka, ambako giza sasa lilikuwa limefunika mawe.

Na kule Qatar Muteti aliendelea kucheka, akiwaambia kwamba ameinua mkono juu, juu kabisa, na hauumi hata kidogo.