Raketi ya Kilo Ishirini na Moja

Soko la Al-Dirah jijini Riyadh lilikuwa limefurika watu Alhamisi hiyo. Wangari alikuwa akijipima abaya ya zambarau mbele ya kioo, mara mkoba mrefu wa mwanamume mmoja ukamgonga bega. Mwingine angefoka. Yeye aliona zipu wazi, akaingiza mkono, akapiga nyuzi za raketi kwa kiganja na kutega sikio.

“Hii imelegea. Unacheza tenisi ama unachuja chai?”

Mwanamume akageuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, fulana nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. “Na wewe ni nani, unapapasa mali ya watu sokoni?”

“Fundi Wangari. Duka la vifaa vya michezo, Al-Murabba. Nyuma ya pazia kuna mashine ya kufunga nyuzi, na kwenye mashine niko mimi.”

“Kipchumba.”

“Ai! Kipchumba wa tenisi? Wenzako si wanakimbia?”

“Walikimbia wakaniacha.”

Wangari alicheka hadi abaya ikamponyoka. Haya, mambo yakaanzia hapo.

Kesho yake Kipchumba alileta raketi mbili. Ya kwanza ilikuwa yake, nyuzi zimekazwa sawasawa kwa mvuto wa kilo ishirini na nne. Ya pili, ile iliyolegea ya sokoni, ilikuwa na mpini mwembamba.

“Hii ni ya nani?”

“Ya mtu. Funga kilo ishirini na moja.”

Jamani, fundi wa raketi hahitaji kuambiwa mengi. Mpini ule ulikuwa wa mkono mdogo, na jasho lilikuwa limeung'arisha upande mmoja tu. Mwanamke, tena wa mkono wa kushoto. Wangari aliona yote hayo, akanyamaza, kwa sababu alikuwa ameshapenda.

Miezi sita ikapita. Kipchumba alikuwa na miaka thelathini na minne, anachezea klabu moja ya Riyadh, na kwa miaka mitatu hakuwa amevuka raundi ya kwanza ya shindano lolote. Kila mchana alipiga simu.

“Fundi wangu, umekula?”

“Nimekula, laazizi, na bado nakutamani.”

“Haki, Wangari, bosi wako atakusikia!”

“Asikie. Kiswahili mafi, hajui hata neno.”

Lakini kila mwezi ile raketi ndogo ilirudi. Wangari aliitundika ukutani, na kila kiyoyozi kilipovuma, ililia. Mlio mwembamba, kama mtu anayeguna kwenye chumba cha pili. Raketi nyingine zote kimya. Aliifunika kwa kitambaa, na bado aliisikia.

Asubuhi ya kwenda Jedda shindanoni, Kipchumba akaileta tena. Wangari akashindwa kuvumilia.

“Mtu huyu ana jina?”

“Jael.”

“Ni nani wako?”

Kipchumba akatazama sakafu. “Mke wangu.”

“Mke! Miezi sita unanila kichwa, na mimi ndiye namfungia mkeo raketi? Halas, basi, Kipchumba. Toka!”

Kulikuwa na neno lililobaki. Kipchumba alifungua mdomo, likakwama pale pale lilipokwama miaka mitatu. Akatoka, akasahau raketi mezani.

Jioni hiyo, Wangari akiwa bado dukani, Selipher, aliyekaa naye chumba kimoja, alimwambia kwa simu, “Kata nyuzi, tupa pipani. Wanaume ni wale wale.”

Wangari akachukua mkasi. Akainamia raketi chini ya taa, kisha akauweka mkasi chini.

Nyuzi zikipigwa mpira huchubuka pale zinapopishana, na manyoya ya mpira hubaki yamenasa. Hizi alizifunga mwezi uliopita, na hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Zilikuwa zimelegea tu, kwa kuwa nyuzi hulegea zenyewe hata zisipoguswa. Miezi sita alikuwa akiondoa nyuzi safi na kutia nyingine safi. Wivu ulimfanya asome mpini, nyuzi asizitazame. Fundi gani huyo! Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Akapiga simu Jedda.

“Kip, hakuna mtu anayeichezea hii raketi.”

“Hakuna.”

“Jael yuko wapi?”

“Alikufa, Wangari, miaka mitatu sasa.” Akavuta pumzi. “Tulikuwa tucheze pamoja Nakuru. Nikatangulia, nikasahau viatu vyangu nyumbani Eldoret, nikamwambia aniletee. Lori likagonga gari lake njiani. Raketi yake ilitoka kwenye gari nzima kabisa. Ikilegea, namsikia akilalamika.”

Nywele zilimsimama Wangari shingoni. “Hata mimi nimemsikia,” alisema. “Nakuletea.”

“Usiniletee!” Kipchumba alipiga kelele. “Wangari, nakuomba, usiniletee kitu!”

“Sikuletei kitu, mpenzi. Nakuja kwako. Ndege zimejaa, kwa hivyo ni basi la alfajiri. Unikatae ama uningoje.”

Wangari alisikia mipira ikidunda mbali, upande ule wa simu.

“Piga simu kila mkisimama,” hatimaye Kipchumba akasema. “Kila mkisimama, unasikia?”

Alipiga. “Tumesimama, nakunywa chai.” “Tumefika Taif, kuna baridi.” Baada ya Taif mtandao ukakatika kwa saa mbili nzima. Kipchumba alisimama kituo cha mabasi Jedda tangu adhuhuri, fulana imemganda mgongoni, akitazama simu isiyolia.

Basi liliingia magharibi. Watu wakashuka na masanduku, na nyuma kabisa ikashuka abaya ya zambarau yenye vumbi, Wangari ndani yake, raketi kwapani.

Kipchumba hakuitazama raketi. Alimtazama viatu, mikono, uso, kisha akaanza tena viatu.

“Nimefika, Kip,” Wangari akasema.

Kipchumba akamshika mkono, akalia bila kujificha, na watu wakapita zao. Alipotulia, akaipokea raketi na kuzipiga nyuzi kwa kiganja.

“Imelegea.”

“Nikufungie?”

Kipchumba akatega sikio kwa muda mrefu. Upepo wa bahari ukapita kwenye nyuzi, ukalia kidogo.

“Hapana,” akasema. “Iache ilegee.”