Mama Mkwe Alitoka Bila Viatu

Asenath alipomwona Rodel mlangoni, aliruka kutoka kitini, akapitia mlango wa jikoni na kutokea nje bila viatu.

— Mama! Ni mimi!

Mlango ukabamizwa. Rodel akabaki amenyoosha mkono kama mtu anayeomba.

Kwao Ufilipino, mdogo huushika mkono wa mkubwa akaugusisha kwenye paji la uso wake. Ndivyo alivyomsalimia mama huyu tangu aje mtaa wa Lucky Summer kufundisha useremala kwa kujitolea, akapanga chumba kwenye ploti yake. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Asenath mwenyewe alizoea, akawa anautoa mkono kabla hajaombwa.

Mengine ya Nairobi Rodel aliyameza. Ugali asubuhi, wageni wasiotoa taarifa, watoto wa mtaa mzima kumwita Mchina. Hili lilimshinda. Jumapili Triza, binti wa Asenath, aliwaambia wazazi wake kwamba yeye na Rodel wanataka kuoana. Tangu siku hiyo mama akimkuta mferejini anaacha ndoo ikifurika, anapotelea kichochoroni.

Rodel hakumwambia Triza. Angeanzia wapi? Akaenda kibanda cha simu, akaipigia ofisi iliyomleta.

— Nihamisheni.

— Kuna shida?

— Hakuna. Nihamisheni tu. Mtaa wowote.

Gari likaja asubuhi yake. Matheka, dereva, alikuwa anafunga sanduku la randa na misumeno juu ya gari, Triza akatokea, ametoka zamu ya usiku kiwandani Baba Dogo.

— Rodel, unasafiri?

— Nahama.

— Unahama! Na mimi?

— Mama yako hanitaki. Nampa mkono, ananikimbia. Jana ametoroka bila viatu! Kwetu mzazi akikunyima mkono, amekufukuza.

Triza alimkodolea macho, kisha kicheko kikamponyoka.

— Unacheka?

— Sasa nifanye nini? Wewe ni mkwe! Kwetu mama hashiki mkono wa mkwe. Hali naye, hakai naye chumba kimoja. Anakuheshimu, wewe! Angekuwa amekukataa, si angekusalimia tu kama kawaida?

— Hukuniambia.

— Kwani uliniuliza?

Kicheko kilikuwa kimekwisha.

— Yaani ningerudi nikute chumba kitupu?

— Nilikuwa nakungoja.

— Ukishafunga mizigo?

Matheka akakohoa kule juu.

— Jameni, nifunge ama nifungue?

Nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, sauti ya Asenath ikalipuka.

— Wee dereva! Shusha hilo sanduku! Utanibebea mkwe kama gunia la kabeji?

— Si umwambie mwenyewe, mama? Yuko hapa.

— Mimi siongei naye! Naongea na wewe!

Rodel akapanda juu ya gari mwenyewe, akafungua kamba. Aliposhuka, Triza alikuwa ameshafika mlangoni kwao.

— Mama amekukubali, akasema bila kugeuka. Mimi bado nimekasirika.

— Mpaka lini?

— Nitakuambia nikiamka.

Aliamka saa nane mchana. Akamkuta Rodel amekaa nje ya mlango, hata chai hajanywa.

— Siku nyingine ukiumia, uniambie mimi kwanza, Triza akasema. Si ofisi.

— Nitakuambia.

— Haya, ingia ule. Mama ameshatoka ndani.

Walioana Desemba. Mpiga picha aliwapanga wote kwenye ngazi za kanisa, halafu akaona mama wa bibi harusi amesimama kando kabisa, ameangalia ukuta.

— Mama, sogea hapa kwa bwana harusi!

— Nisogee wapi? Kwani wewe hukulelewa?

Mpiga picha akamgeukia Rodel amsaidie.

— Mwache, Rodel akasema. Piga hivyo hivyo. Hapo alipo ni karibu sana.