Uzi Mfupi wa Kitwana

Gunia la vitunguu liliangukia boksi la Kauthar pale stendi kuu ya Singida, saa ambayo mabasi ya Dar na Mwanza hugombea abiria. Kama si gunia hilo, uchungu huu wote usingekuwepo.

"We kaka! Huna macho?"

"Macho ninayo, dada. Yalikuwa kwako."

Aliyejibu ni kijana mrefu, kofia imelala upande, shati jeupe pee utadhani hajawahi kugusa kitunguu. Jina lake Kitwana. Kauthar alikusudia kumchamba vilivyo. Naye si mtu wa kuonekana ovyo. Baba yake, Mzee Abdillahi, ana duka la vitambaa mjini, na siku hiyo binti alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya ndimu. Lakini alipofungua boksi, hasira zikageuka machozi. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya plastiki vilivyojikunjakunja, kimoja bluu, kingine njano, kila kimoja ukubwa wa ngumi. Ukanda uliokuwa ukiviunganisha ulikuwa umekatika.

"Nimevunja mdoli wa mtoto?"

"Si mdoli. Ni kingamwili, askari wa mwilini. Chuoni Dar tumekipunguza, tukabakiza sehemu ile tu inayokamata sumu ya kifutu. Kwa macho hakionekani, ndiyo maana tukachapa umbo lake likiwa kubwa hivi. Nilikuwa nampelekea mjomba wangu wa Iguguno akaone. Kifutu alimgonga shambani kwenye alizeti, wakamkata mguu."

Utani ukamtoka Kitwana. "Pole sana. Lete nikushonee."

Akachomoa sindano ya magunia, akapitisha uzi, akavuta kwa meno mpaka ukalia. "Sisi kazi yetu kukaza," alisema kwa majivuno. "Mzigo ukilegea haufiki Kariakoo."

Kauthar alikitazama, akaangua kicheko. "Umekiharibu kabisa! Hizi nusu mbili lazima zigeukiane. Pale zinapokutana ndipo sumu inapokamatwa. Uzi ukiwa mfupi haziwezi kugeuka. Unajua zinafanya nini? Kila nusu inamwacha mwenzake, inakwenda kushikana na nusu ya jirani."

"Kumbe nazo zina michepuko!"

"Zinalazimishwa, kaka yangu. Basi kaa nacho. Utanirudishia siku ukijifunza kulegeza."

Akampa na namba ya simu.

Likizo nzima wakawa wawili. Jioni walikula kuku wa kuchoma kando ya Ziwa Singidani, upepo ukimpokonya Kauthar mtandio na Kitwana akiukimbiza kwenye mawe. Kitwana alimwita Profesa wangu. Yeye alimwita Kitunguu, kwa kuwa alimliza siku ya kwanza. Wakakubaliana: wazee wa Kitwana watakwenda kuposa majibu ya utafiti yakishatoka, na Kauthar mwenyewe atakuwepo nyumbani, aulizwe mbele yao kama mila inavyotaka. Alimpenda, na hakuona haya kumwambia shangazi yake, Bi Sijaona.

Aliporudi Dar, simu zikaanza.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Maabara, Kitunguu changu."

"Na huyo anayecheka?"

"Calist, tunafanya naye kazi."

"Washa video nimwone."

Siku ya kwanza aliwasha huku akicheka. Baadaye aliwasha amenuna. Mwisho akakataa.

"Kitwana, nipe nafasi nimalize kazi."

"Nafasi ya nini? Mzigo ukilegea..."

"Mimi si gunia!"

Akakata simu, kisha akampigia tena kuomba radhi, maana moyo ukishapenda hauna jeuri ya kudumu.

Ikafika siku majibu yaliporudi kutoka ng'ambo, kulikopelekwa sampuli. Ili siri isivuje, siku hiyo simu za watafiti wote ziliachwa kwenye droo nje ya chumba. Kauthar alikaa mbele ya kompyuta, umbo likajichora mbele yake, likizunguka taratibu: nusu mbili zimegeukiana, zimekumbatiana, na katikati yake kuna kishimo cha kuipokea sumu. Alipiga kigelegele mpaka Calist akaziba masikio.

Alipochukua simu, alikuta shangazi amepiga mara nyingi. Hakumjali, akampigia mpenzi wake kwanza.

"Kitwana! Kimejikunja! Zimekumbatiana!"

Sauti ikarudi kavu: "Umenivua nguo mbele ya wazee."

"Wazee gani?"

Simu ikakatwa.

Shangazi ndiye aliyemweleza. Kitwana alikuwa ametuma wazee siku ileile bila kumwambia mtu. Walikaa mkekani kwa Mzee Abdillahi, ukafika wakati wa kumuuliza binti. Kwa kuwa binti yuko mbali, shangazi akapiga simu, akaweka sauti kubwa. Ikaita ikakatika, ikaita ikakatika. Mzee Abdillahi, jasho likimtoka, akajaribu kuokoa jahazi: "Mwali akinyamaza amekubali." Mzee mmoja wa upande wa pili akavaa viatu. "Huyo ni mwali aliyeketi mbele yetu," alisema. "Simu isiyopokelewa ni dharau."

Kauthar alipiga, akaandika, akatuma sauti. Amefungiwa kote. Akajidanganya kuwa hasira za kitunguu hutoa machozi kisha huisha. Alipopata ruhusa na kufika nyumbani, shangazi alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu." Akamshika mkono. "Kaoa. Anifa, binti wa mwenye mashine ya alizeti. Aliulizwa mbele ya wazee, akanyamaza."

Kesho yake Kauthar alimkuta Kitwana palepale stendi, akipakia magunia. Shati lilikuwa jeupe vilevile.

"Hongera," alimwambia.

"Ulininyamazia, Kauthar."

"Sikukunyamazia. Hukuniambia wanakwenda!"

"Nilitaka kukushtukiza." Akainamisha kichwa. "Niliogopa. Nilijua Dar itakuchukua."

"Dar haikunichukua. Wewe ndiye uliyenisukuma, kila ulipovuta."

 Kitwana akaingia kwenye gari, akatoka na kile kitu cha plastiki, bado kimekazwa kwa uzi wa magunia. Hapo simu yake ikaita. Aliitazama, akaipokea, na kabla wa upande wa pili hajasalimu, akauliza:

"Uko wapi? Na huyo ninayemsikia ni nani?"

Kauthar alisikia sauti ndogo ya kike ikijieleza kwa haraka, na moyo ukamuuma kwa ajili ya msichana asiyemjua.

Akakichukua kile kitu, akaketi juu ya gunia. Akakata uzi wa Kitwana kwa meno, akaomba mwingine kwa wapakiaji, akaupitisha mrefu, akauacha ulegee. Nusu ya bluu ikageuka. Ya njano ikaifuata. Zikakutana, zikatulia.

"Kumbe ndivyo zinavyokaa," Kitwana alisema, simu imeshuka mkononi.

"Ndivyo." Akamwekea kiganjani. "Mpe Anifa. Usiukaze tena."

Akajifunga mtandio vizuri, akaondoka. Alikuwa bado anampenda, ndiyo maana hakugeuka.