Sabuni ya Mwamvita

Dumu lilimponyoka Mwamvita katikati ya soko la Tandale, kifuniko kikafyatuka, sabuni ya maji ikamwagikia makubazi ya Yazid, mwenye duka la nafaka. Povu la kijani likampanda hadi kwenye pindo la kanzu.

"Sista, ungeniambia tu nanuka, ningeoga."

"Nisamehe, braza. Ndiyo sabuni yangu ya kwanza hiyo!"

Dera lake la manjano lilikuwa limepauka, lakini macho yale! Yazid alichoka mwenyewe kwa kupenda.

Mwamvita alikuwa na shida moja, na ilimtosha. Tangu aachike hakuwa na kazi, na bibi wa bintiye Salma, mzaa baba, alimchukua mtoto akakae naye Chamazi mpaka mama mtu aweze kumlisha. Ndiyo maana alijiunga na mafunzo ya biashara ya akina mama pale Kiwalani, Bi Mwanakombo akamfundisha kukoroga sabuni.

"Niletee mie, nikuuzie dukani," Yazid alimwambia. Kila akipeleka, anaambiwa ya mwanzo imekwisha, na pesa anapewa. Simu nazo hazikatiki.

"Habibti, wateja wanaigombania."

"Muongo wewe!"

"Wallahi. Lete nyingine."

Kwa furaha, Mwamvita akaenda Chamazi kumchukua mwanawe.

Adhuhuri moja Yazid akiwa msikitini, Mwamvita aliingia stoo kutafuta madumu matupu. Akayakuta yake yote, yamejaa. Alipofungua moja, maji yalikuwa juu, ute chini, na harufu ya kuoza ikamjaa puani.

Yazid akamkuta amekaa sakafuni.

"Hakuna aliyenunua, mpenzi. Nilinunua mie. Sikutaka uvunjike moyo."

"Mteja angenitukana siku ya kwanza, ningerudi kwa Bi Mwanakombo kuuliza nimekosea wapi. Wewe umenichekea miezi yote hii!"

"Basi nikuoe. Salma nitamlisha mie."

"Sabuni umeshanunua, sasa wataka uninunue na mie?"

Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Pesa yake hakuigusa tena. Unga ulipokwisha na Salma akalala na chai ya rangi, mwenyewe alimpigia bibi simu.

"Shikamoo, mama. Njoo umchukue."

Bibi hakumsema. Alimshika mjukuu mkono, akasema tu, "Ukiweza, uje." Salma hakulia. Alishazoea kufungashiwa nguo.

Jioni simu ikaita.

"Mwamvita, nakuja kuwachukua. Mtaishi kwangu."

"Salma ameshaondoka."

"Basi nikufuate wewe."

"Usije, Yazid. Nakupenda, mwenzio nalia hapa. Lakini nikija kwako leo, sitajua maisha yangu yote kama ningeweza mwenyewe."

"Na ukishindwa?"

Mwamvita akakata simu, akajilaza upande wa kitanda anaolalaga Salma, godoro likiwa bado na unyevu wa mkojo wa usiku.