Mlango wa Zulia

Zulia lilianza kunuka kondoo aliyenyeshewa, na mvua yenyewe haikuwa imedondoka miezi miwili. Mama Pindo aliliinamia akanusa, akainua pembe moja akanusa na chini yake. Sakafu ilikuwa kavu.

"Zulia la sufu ulitaka linuke nini, waridi?" mumewe alimtania huku akifunga kamba za viatu, akaenda zake kazini.

Mama Pindo si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Siku aliyolichagua zulia hilo kuukuu la Kimoroko, alilipindua akakagua mafundo ya nyuma, akalisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa aone kama linachuja rangi, akachomoa unyuzi mmoja akauchoma kwa kiberiti. Ukanuka nywele zilizoungua, kama sufu halisi, akaridhika. Mzee aliyekuwa akiliuza alimwacha amalize ukachero wake. Kisha akamwonyesha mahali ambapo mstari mweusi uliolizunguka zulia lote ulikatika kwa upana wa vidole viwili.

"Hapa usipaguse, mwanangu. Aliyelifuma alipaacha makusudi."

Sasa kamwambie hayo fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo kwa sababu hawezi kuona uzi unaning'inia asiukate, hata ukiwa kwenye nguo ya mgeni aliyekuja kutoa pole. Alivumilia wiki moja. Wiki ya pili alitafuta sufu nyeusi ya kufanana, akaketi chini akauziba ule uwazi, fundo kwa fundo, hadi mwenyewe akajipongeza. Harufu ilianza kesho yake.

Ikafuata mikwaruzo. Mchana, cherehani ikinyamaza, kitu kilikwaruza ndani ya sufu, kikaufuata mstari mweusi pande zote nne, kikaanza upya. "Panya tu," alijiambia. Alilikung'uta zulia uani, akalianika kivulini, akalirudisha ndani. Kikaendelea kuzunguka.

Binti yake wa miaka mitano, Kidosho, mtoto asiyejua kukaa kitako, sasa alikaa katikati ya zulia kutwa nzima. Akiitwa, alitembea hadi kwenye mstari, akasimama, akapapasa hewa kama anayetafuta kitasa.

"Njoo basi, mwanangu."

"Pamefungwa," mtoto alinong'ona.

Mama Pindo alimbeba amvushe kwa nguvu, na mguu wake ulipopita tu ule mstari mtoto akalegea, akapoa mikononi mwake kama nguo mbichi iliyotolewa kwenye beseni, macho wazi, pumzi hakuna, na mama akarudi nyuma mbio akamlaza palepale alipokuwa, na pumzi ikarejea. Mama Pindo akampigia simu mzee aliyemuuzia zulia.

"Umepaziba," alisema mzee kabla hajaulizwa.

"Nimepaziba, baba. Nisamehe. Mwanangu amenasa."

"Humo mna mwenye kwake. Alikuwa akitoka na kurudi, hamsumbui mtu. Sasa umemfungia mlango. Fumua mwenyewe, leo hii, kabla jua halijazama. Na utafute kwa macho yako, usikubali kuonyeshwa. Anayeonyesha mlango ndiye anayetoka."

Alichukua mkasi mdogo akapiga magoti. Hapo ndipo ufundi wake ulipomtokea puani, kwa maana alikuwa ameshona vizuri mno. Alipapasa upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akalipindua zulia akahesabu mafundo, akarudi mwanzo, jasho likimdondoka machoni, na kila fundo lilifanana na mwenzake, na chini ya vidole vyake kile kitu kilikwaruza kikimfuata, alipokwenda nacho kikaenda, alipotua nacho kikatua, na jua lilikuwa limeshafika ukutani na mtoto alikuwa ameanza tena kupoa.

"Hapa, mama," Kidosho alisema taratibu. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari.

Mama Pindo aliyakumbuka maneno ya mzee. Lakini si ndicho alichokuwa akikililia? Anayeonyesha ndiye anayetoka, na aliyeonyesha ni mwanawe. Basi na atoke! Akatia mkasi, akakata fundo la kwanza, la pili, yote.

Hewa ya moto ilimpita usoni, na harufu ikakata. Kidosho akasimama, akaruka mstari, akampita mama yake bila kumtazama, akatoka hadi uani. Mama Pindo alicheka na kulia kwa pamoja, viganja vyote viwili bado juu ya zulia. Kupitia mlango alimwona mtoto amesimama juani, akiinyoosha mikono yake na kuigeuza huku na huku, kama mteja anayejaribu nguo mpya.

Ndipo sufu ilipotikisika chini ya viganja vyake, na sauti ndogo anayoijua kuliko sauti zote duniani ikasema kutoka humo ndani:

"Mama, mbona umemtoa yeye?"